Kalori za kazi ngumu ya uani: jedwali la MET, mapigo ya moyo, smatiwochi au mzani, uamini ipi?

Jumamosi iliyopita nilichimba mashimo ya kupanda miti, saa mbili kamili toka niliposhika koleo mpaka nilipoliegesha ukutani, na nikaamua siku hiyo nipime kalori kwa kila njia niliyonayo, maana hili swali linanisumbua muda mrefu sasa, watu wanauliza "kulima saa moja ni kalori ngapi" kila mmoja anajibu namba yake na hakuna anayesema kaipataje. Mi nina kilo 80, umri miaka 40. Apu ya kwenye simu, nilipochagua kuchimba kwa nguvu dakika 120, ikanipa kalori 1,248. Mkanda wa kifuani ukaonyesha wastani wa mapigo 110 kwa dakika, nikayaingiza kwenye fomula ya mapigo ya moyo ikatoka karibu 1,100. Smatiwochi ikasema 930. Halafu nikakaa chini na kalamu, nikahesabu mwenyewe kwa jedwali la MET (orodha inayosema kila kazi ni mara ngapi ya kukaa umetulia) kufuata dakika nilizofanya kweli, nikatoa zile kalori ambazo mwili ungetumia hata kama ningekaa tu kwenye kiti, ikabaki 500.

Mtu ni huyohuyo, mashimo ni hayohayo, jua ni lilelile, na namba ya juu ni zaidi ya mara mbili ya namba ya chini! Hii sio tofauti ndogo ya kupuuza. Kama unapunguza uzito na ukala "kufidia" kwa kufuata 1,248 wakati ukweli uko karibu na 500, umejiongezea kalori 700 na zaidi kwa siku moja tu ya kazi, halafu mwisho wa mwezi unashangaa mbona natoka jasho hivi na mzani haushuki. Kwa hiyo naziweka hizi njia pembeni kwa pembeni, nasema kila moja inakosea wapi kwenye kazi za uani hasa (sio kukimbia, sio baiskeli), halafu nasema nani achague ipi.

Kabla sijaendelea, kalori tunayoizungumzia hapa ni ile ya chakula, ambayo kwa lugha ya maabara ni kilokalori. Ukiona sehemu imeandikwa kilokalori na nyingine kalori, usizidishe kwa elfu, ni kitu kilekile.

Jedwali la MET

Hii ndo njia iliyojificha nyuma ya karibu kila apu na kila kikokotoo cha mtandaoni, hata kama hawakwambii. MET 1 ni kiasi cha nguvu mwili unachotumia ukiwa umekaa umetulia, kimewekwa kuwa mililita 3.5 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa dakika, na ukikigeuza kuwa kalori kinakuwa karibu kalori 1 kwa kila kilo kwa saa. Kazi ya MET 5 maana yake unatumia mara tano ya hapo. Hesabu yake ni nyepesi, MET mara kilo zako mara saa ulizofanya, basi.

Namba za MET zenyewe zinatoka kwenye orodha kubwa ambayo Barbara Ainsworth na wenzake huko Marekani waliitoa mara ya kwanza 1993, ikaboreshwa 2000, 2011 na tena 2024. Kwenye toleo la 2011 kazi za uani zimechambuliwa vizuri tu. Kukata nyasi ukiwa umekaa kwenye mashine ya kuendesha ni 2.5, kutembea nyuma ya mashine ya injini ni karibu 5, kusukuma ile ya mkono isiyo na injini ni 6. Kupalilia kwa kiasi 3.5, kwa nguvu 5. Kuchimba na kulima bustani 5, ukichimba kwa nguvu kweli 7.8. Kupasua kuni kwa shoka 4.5 ukienda taratibu, 6.3 ukikazana. Kukusanya majani kwa reki ni karibu 4. Kusukuma toroli 5.5. Kwa kipimo cha kawaida, kuanzia MET 3 mpaka chini ya 6 inaitwa kazi ya wastani, 6 kwenda juu ndo kazi nzito.

Angalia hiyo ya nyasi kwanza. Watu wawili wanaweza kusema "leo nimekata nyasi saa nzima", mmoja alikaa kwenye kiti chenye usukani na mwingine alisukuma ya mkono, mmoja katumia 2.5 na mwingine 6, na kikokotoo kibovu kitawapa wote namba moja kwa sababu kina neno moja tu la "kukata nyasi". Kama kikokotoo chako hakikuulizi ni chombo gani ulitumia, achana nacho.

Uzuri wa MET ni kwamba hauhitaji kifaa chochote na hesabu yake iko wazi, unaweza kuikagua mwenyewe ukaona umekosea wapi. Lakini ina mitego, na mtego wa kwanza ndo mkubwa kuliko yote kwenye kazi za uani, nao ni dakika.

Yaani hakuna mtu anachimba dakika 120 mfululizo. Mi siku ile nilikuwa nimewasha saa ya kuhesabu, na nilipojumlisha nikakuta kwenye dakika 120 nimechimba kweli dakika 50, nimesukuma toroli la udongo dakika 30, na dakika 40 zilizobaki nimesimama, nimekunywa maji, nimenoa koleo, nimepima shimo kwa fimbo, nimeongea na jirani. Sikuwa mvivu jamani, nilitoka hapo mgongo unauma! Ila ndivyo kazi ya uani ilivyo, inaenda kwa vipande. Sasa apu inachukua 7.8 inazidisha kwa saa mbili zote kana kwamba hata wakati naongea na jirani nilikuwa nachimba. Na ile 7.8 yenyewe sikustahili, udongo ulikuwa laini na mwendo wangu ulikuwa wa kawaida, ilikuwa 5.

Hesabu ya kweli ikawa hivi: kuchimba 5 × 80 kwa dakika 50 ni 333, toroli 5.5 × 80 kwa dakika 30 ni 220, kusimamasimama MET 2 × 80 kwa dakika 40 ni 107. Jumla 660.

Mtego wa pili, hiyo 660 ina ndani yake kalori ambazo ungetumia hata usingefanya kitu. Mwili haulali, moyo unapiga, ubongo unakula, ini linafanya kazi. MET 1 kati ya hizo ni ya kuishi tu. Kwangu ni kalori 80 kwa saa, kwa saa mbili 160, kwa hiyo kazi yenyewe imeniongezea 500. Hapa ndo watu wengi wanahesabu kitu mara mbili bila kujua, kwa sababu mpango wao wa chakula wa siku tayari una zile kalori za kukaa, halafu wanaongeza tena juu yake kalori za kazi zikiwa na za kukaa humohumo. Kama unataka kujua "nimeongeza ngapi leo", toa 1 kwenye kila MET kabla hujazidisha. Kuchimba inakuwa 4, toroli 4.5, kusimama 1. Rahisi tu.

Mtego wa tatu ni wa kilo. Fomula inadhani ukiwa mzito mara moja na nusu basi unatumia mara moja na nusu. Kwa kutembea na kusukuma mashine inakaribia kuwa kweli, maana unaubeba mwili wako. Lakini kwenye kuchimba sehemu kubwa ya kazi ni kuinua udongo, na koleo la udongo lina uzito uleule hata anayelishika awe na kilo 60 au 110. Mtu mzito sana akitumia MET kwenye kazi ya kusimama sehemu moja na kuinua vitu, mi namshauri ajue namba yake imepanda juu kidogo.

Na hao walioitengeneza hiyo orodha walishasema wazi kwamba ni ya watafiti kupanga na kulinganisha shughuli za makundi ya watu, haikutengenezwa kumpimia mtu mmoja kalori zake kwa uhakika. Apu ndo zimeichukua zikaipa kazi hiyo.

Mapigo ya moyo (mkanda wa kifuani na fomula)

Kwa akili ya haraka hii inaonekana ndo mshindi, kwa sababu inapima mwili wako wewe na sio wastani wa watu. Mkanda wa kifuani unasoma umeme wa moyo, ukilowesha zile sehemu zake za kugusa ngozi na ukaukaza vizuri unahesabu mapigo kwa usahihi sana hata ukiwa unapiga sururu. Shida haiko kwenye kuhesabu mapigo. Shida iko kwenye kuyageuza mapigo kuwa kalori.

Fomula inayotumika sana ilitoka 2005, ya Keytel na wenzake. Kwa mwanaume ni: toa 55.0969, jumlisha 0.6309 mara mapigo, jumlisha 0.1988 mara kilo, jumlisha 0.2017 mara umri, unapata kilojuli kwa dakika, gawanya kwa 4.184 upate kalori. Kwa mwanamke: toa 20.4022, jumlisha 0.4472 mara mapigo, toa 0.1263 mara kilo, jumlisha 0.074 mara umri, halafu gawanya vilevile.

Umeona hiyo alama ya kutoa kwenye kilo za mwanamke? Hapo nilisimama nikarudia kusoma mara tatu nikidhani nimekosea. Chukua dada wa kilo 65, miaka 35, anasukuma mashine ya mkono ya nyasi dakika 40 mapigo 130. Fomula ya mapigo inampa 307, MET inampa 260, ziko jirani. Sasa chukua dada mwingine wa umri uleule mapigo yaleyale ila ana kilo 95. Fomula ya mapigo inamshusha mpaka 271, MET inampandisha mpaka 380! Uzito ukiongezeka njia hizi mbili zinaenda pande tofauti kabisa. Kwa hiyo kama we ni mwanamke na uzito wako uko mbali na wastani, usichanganye namba za njia hizi mbili kwenye daftari moja, leo hii kesho ile, utachanganyikiwa bure. Chagua moja ukae nayo.

Wenyewe waliotoa fomula walikuwa na toleo la pili ambalo linaingiza kipimo cha uwezo wa pumzi, yaani kiasi cha juu kabisa cha oksijeni mwili wako unaweza kutumia, na hilo lilielezea asilimia 83 hivi ya tofauti kati ya watu wakati lile la kwanza lilielezea asilimia 73. Nilipoingiza 35 (mililita za oksijeni kwa kilo kwa dakika) kama uwezo wangu wa pumzi, zile 1,100 zikashuka mpaka karibu 870, na ukitoa 160 za kukaa zinabaki 710. Kwa maneno mengine asiye na mazoezi, moyo wake unapanda haraka kwa kazi ndogo, na fomula ya kwanza inadhani amefanya kazi kubwa.

Sasa njoo kwenye kazi za uani hasa, maana hapa mapigo yanadanganya kuliko kwenye kukimbia. Fomula hizi zimetoka kwa watu waliokuwa wanakimbia na kuendesha baiskeli, kazi ya miguu. Kazi ya mikono kwa oksijeni ileile inapandisha mapigo juu zaidi kuliko kazi ya miguu, hii inajulikana siku nyingi. Kupasua kuni, kukata ua kwa mkasi mkubwa, kufyeka, kote huko mikono ndo inabeba. Ongeza na kukaza mpini, ule mshiko wa nguvu usioachia, nao unapandisha mapigo na presha bila kuongeza kalori za maana. Ongeza jua, mwili ukipata joto damu inapelekwa kwenye ngozi ikapoe, moyo unapiga zaidi kwa kazi ileile, na ukipungukiwa maji ndo kabisa. Ndo maana saa ya pili ya kuchimba mapigo yako yako juu kuliko saa ya kwanza hata kama umepunguza mwendo. Mwili umechoka na joto, sio kwamba unachoma zaidi. Kahawa, wasiwasi, usingizi mbovu, vyote vinaingia humo.

Na upande wa pili, mtu anayetumia dawa za presha au za moyo zile zinazoshusha mapigo (kundi la beta bloka), kwake fomula hii itatoa namba ndogo mno na isitumike kabisa, wala mapigo yasitumike kupima ukali wa kazi. Huyo atumie hisia, nitafika hapo.

Ila kuna namna ya kuufanya mkanda uwe na faida ya kweli, na mi hii naipenda kuliko fomula. Siku isiyo na joto kali tembea sehemu tambarare kwa mwendo wa haraka, kama kilomita 5.6 kwa saa, dakika kumi, uangalie mapigo yametulia kwenye ngapi. Mwendo huo kwenye jedwali ni karibu MET 4.3. Tuseme umepata 105. Siku ukifanya kazi ya uani asubuhi kukiwa baridi na mapigo yakacheza kwenye 105 hiyohiyo, unajua uko kwenye MET 4 au chini yake kidogo (kwa sababu ya mikono), haijalishi apu imesema 7.8. Ni makadirio bado, lakini angalau umejilinganisha na wewe mwenyewe.

Smatiwochi

Watu wengi ndo wanayo hii na ndo wanaiamini, kwa hiyo niseme wazi. 2017 watafiti wa chuo cha Stanford walipima saa saba za mkononi kwa watu 60, wakitembea, wakikimbia na kuendesha baiskeli. Kwenye mapigo, saa sita kati ya saba zilikosea chini ya asilimia 5, nzuri sana. Kwenye kalori, iliyofanya vizuri kuliko zote ilikosea kwa wastani asilimia 27, na mbovu kuliko zote asilimia 93. Na hiyo ni kwa mazoezi ambayo saa zimetengenezwa kwa ajili yake! Saa zimeboreshwa toka hapo, lakini kukimbia na kuchimba shimo ni vitu viwili tofauti.

Fikiria saa inaona nini. Ina kihisi cha mtikisiko na ina taa ya kijani inayosoma damu chini ya ngozi. Ukisukuma toroli mikono imeshika mpini haisogei, saa inadhani umesimama wakati umebeba mzigo mzito. Ukifyeka, mkono unaenda na kurudi kama wa mtu anayekimbia, saa inakuhesabia hatua ambazo hujatembea. Mashine ya injini inatetemesha kiganja muda wote. Na ile taa ya kijani inachanganyikiwa ukikunja kifundo cha mkono na kukaza mshiko, damu inabanwa, usomaji unaruka, mara mapigo 80 mara 150 wakati kazi ni ileile. Mtu wa kupasua kuni ndo anapata namba za ajabu kuliko wote.

Kama huna kingine basi ivae juu ya mfupa wa kifundo cha mkono kuelekea kiwiko, umbali wa vidole viwili, uikaze isicheze, na uwashe hali ya mazoezi kabla hujaanza, maana bila hivyo saa nyingi zinapima mapigo kwa kuruka ruka ili kulinda chaji. Usichague "kutembea", chagua ile ya mazoezi mengineyo. Na angalia inakuonyesha nini, kuna kalori za kazi peke yake na kuna jumla yenye kalori za kukaa ndani yake, saa nyingi zinaonyesha zote mbili kwenye ukurasa tofauti na mtu anachukua kubwa.

Mi saa nimeibakizia kazi moja, kulinganisha Jumamosi na Jumamosi. Ikikosea, inakosea kwa namna inayofanana kama kazi na mtu ni walewale, kwa hiyo ikisema leo ni zaidi ya wiki jana kwa kazi ileile kuna uwezekano mkubwa ni kweli. Namba yenyewe siipeleki jikoni.

Hisia za mwili

Watu wanaidharau, mi siidharau. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko kwenye kazi ya wastani. Ukitoa maneno mawili matatu halafu unatafuta hewa, uko kwenye nzito. Gunnar Borg wa Sweden ametuachia kipimo cha 6 mpaka 20 cha kujipa alama ya ugumu, 6 ni kupumzika na 20 ni mwisho wa uwezo. Hii haikupi kalori moja kwa moja, ila inakusaidia kuchagua mstari sahihi kwenye jedwali la MET, ule wa "kwa kiasi" au ule wa "kwa nguvu", na hapo ndo watu wanajipendelea. Swali la kujiuliza, wakati nachimba ningeweza kujibu simu vizuri? Kama ndio, basi haikuwa 7.8.

Mzani na daftari la chakula

Hii ni ya polepole na haijibu swali la "leo nimechoma ngapi", ila ndo hakimu wa hizo nyingine zote. Andika chakula chote wiki nne, jipime kila asubuhi, chukua wastani wa wiki ya kwanza na wa mwisho. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni karibu kalori 7,700. Tuseme umekula wastani wa 2,400 kwa siku na umepungua kilo 0.8 kwa siku 28, hiyo ni 0.8 × 7,700 gawanya kwa 28, sawa na 220 kwa siku, kwa hiyo mwili wako unatumia karibu 2,620 kwa siku, kazi ya uani ikiwemo. Ikiwa hesabu zako za apu zilisema unatumia 3,000, unajua sasa kosa ni kubwa kiasi gani. Udhaifu wake ni kwamba watu tunasahau kuandika tunachokula, karibu kila mtu, na tunasahau kuelekea chini, kwa hiyo na hii nayo isome kwa tahadhari.

Ila tafadhali usijipime kabla na baada ya kazi ukasema umepungua kilo moja na nusu. Hayo ni maji. Lita moja ya jasho ni kilo moja, ukinywa inarudi. Na kinyume chake pia kipo, asubuhi baada ya kuchimba sana mzani unaweza kupanda kwa sababu misuli iliyoumia inashika maji, mtu anakata tamaa bure wakati hajaongezeka hata gramu ya mafuta.

Kuna jambo jingine ambalo hii njia pekee ndo inalikamata. Mwili unafidia. Utafiti mkubwa uliotoka 2021, wa watu wazima zaidi ya 1,700 waliopimwa kwa njia ya maji yenye alama (ndo kipimo kinachoaminika kuliko vyote kwa maisha ya nje ya maabara), ulionyesha kwamba kwa wastani karibu asilimia 28 ya kalori za ziada za shughuli hazionekani kwenye jumla ya siku, mwili unabana sehemu nyingine. Na hilo bila kuhesabu ule mchana unaolala kwenye kochi kwa sababu asubuhi umechimba, ambao nao unakula faida yako.

Zile saa mbili zangu zikiwekwa pamoja zinakuwa hivi:

| Njia | Kalori | Kilichoivuruga |
|---|---|---|
| Apu, "kuchimba kwa nguvu" dakika 120 | 1,248 | dakika za kusimama, MET kubwa mno, za kukaa zimo |
| Fomula ya mapigo, bila uwezo wa pumzi | karibu 1,100 | jua, mikono, za kukaa zimo |
| Smatiwochi | 930 | mshiko, mtikisiko |
| Fomula ya mapigo yenye uwezo wa pumzi, bila za kukaa | 710 | jua na mikono bado |
| MET kwa dakika za kweli, bila za kukaa | 500 | wastani wa watu, sio mimi |

Ukiniuliza ukweli uko wapi, mi nasema kati ya 500 na 700, na nikipanga chakula nachukua ya chini.

Sasa uchague ipi

Kama lengo lako ni kupunguza uzito, chukua MET kwa dakika za kweli, ukitoa 1. Hata hiyo usile yote kuirudisha, mi narudisha nusu tu na hiyo nusu nyingine naiacha iwe ya makosa ya hesabu na ya mwili kufidia. Baada ya wiki nne acha mzani uamue kama nusu ilikuwa sawa.

Kama hutaki kupungua, unafanya kazi nzito siku nyingi kwa wiki na unaogopa kuishiwa nguvu, hesabu tofauti, tumia jumla bila kutoa kitu halafu linganisha na jumla ya chakula chako cha siku nzima, na hapo kukosea kuelekea juu ni salama kuliko kukosea kuelekea chini.

Kama unataka kujua tu kazi ya uani inakujenga moyo na pumzi au vipi, kalori achana nazo kabisa, vaa mkanda wa kifuani na uangalie muda uliokaa kwenye mapigo ya juu asubuhi kukiwa baridi. Makadirio ya mapigo ya juu kabisa ni 208 toa 0.7 mara umri, kwangu mimi 180. Hapo mkanda unashinda kila kitu.

Unatumia dawa za kushusha mapigo, una mimba, au umetoka kuumwa, nenda na hisia za mwili na kile kipimo cha Borg, na muulize daktari wako kabla ya kushika sururu.

Huna muda wa haya yote? Basi fanya kitu kimoja. Washa saa ya kuhesabu kwenye simu kila unaposhika koleo, izime kila unapoliweka chini, hata kama ni kwa dakika mbili za maji. Hizo dakika zilizobaki ndo uzipe kikokotoo, na uchague mstari wa "kwa kiasi". Mi nilipoanza hivyo namba zangu zilishuka karibu nusu wiki ya kwanza, na mwezi uliofuata ndo mzani wangu ukaanza kukubaliana na daftari.